Mweusi Kulia, Mweupe Kushoto

Katika karakana ya kushona ya Shangazi, namba haikunong'onwa. Ilitajwa. Fundi mwenye futi alimpima mteja kifua, akatangaza kwa sauti ya kuita watu wakale, "Arobaini na mbili!" na fundi mwenye kitabu akajibu kwa sauti ileile, "Arobaini na mbili!" ndipo akaandika. Mteja awe mwembamba kama mpini wa ufagio, au awe na tumbo linalofika mlangoni kabla yake, namba zake zilisikika na wote waliokaa kwenye benchi, na siku za utulivu hata na muuza viatu wa chumba cha chini.

Sheria hiyo Shangazi aliiweka mwaka wa kwanza wa kazi, baada ya fundi mmoja kupima peke yake, kuandika peke yake, kukosea peke yake, kisha kuapa mbele ya mteja kwamba ni mteja ndiye aliyenenepa. Tangu hapo akasema kila namba itapita midomo miwili kabla ya kugusa karatasi, na kosa litakosa pa kujificha. Miaka ishirini na sita sheria ilikaa pale pale, kama ile cherehani nyeusi ya pembeni ambayo hakuna aliyekumbuka ilivyopandishwa ngazi.

Mafundi walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, ambaye wateja walimwita Umeme kwa sababu sketi aliimaliza wakati wengine bado wanatafuta ncha ya uzi. Wa pili alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye mwili mkubwa na mikono mikubwa zaidi, aliyeitwa Taratibu. Alitembea taratibu, alikula taratibu, na hata mzaha wake ulifika wakati watu wameshaondoka, akabaki akiucheka mwenyewe.

Na sasa kulikuwa na jambo kati yao. Kifundo cha mkono wa Shangazi kilikuwa kimevimba mwaka mzima, na daktari alimwambia achague, mkasi au mkono. Jumatatu asubuhi aliwaita wote wawili mbele ya meza kubwa, meza ambayo hakuna aliyeruhusiwa kukatia ila yeye, akauweka juu yake ule mkasi mzito wa chuma uliolika mahali pa dole gumba lake. Akawaambia kwamba mwisho wa mwezi, mmoja wao atausimamia. Yeye hatapigisha kura wala hatasikiliza ya wateja. Kazi kubwa ya kwanza itakayoingia ndiyo itakayosema.

Umeme aliutaka mkasi ule kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakuutaka kwa sababu ya cheo. Miaka tisa kabla, wiki yake ya kwanza pale, alimwona Shangazi akikata mkono wa koti kwenye sufu ya kijivu. Ule mzingo wa juu wa mkono, unaomkosesha fundi usingizi, Shangazi hakuuchorea chaki. Alivuta pumzi, akaingiza mkasi, na chuma kikaenda kama kinakumbuka njia, bila kusimama na bila kurudi nyuma, mpaka kipande kikajiachia chenyewe. Vinyweleo vya mikono ya Umeme vikasimama. Kisha kikaja kitu kingine, mwasho fulani ulioanzia machoni, ukashuka mabegani, ukaishia kwenye vidole. Jioni ile alifika nyumbani akakata magazeti. Kesho yake akakata madaftari ya zamani ya watoto. Siku ya tatu alikata kalenda ya ukutani, na mumewe akaishi mwezi mzima akiuliza tarehe kwa majirani.

Mwasho ule haukumwacha. Kila Shangazi aliposhika mkasi, ulirudi. Umeme aliamini hicho ndicho kitu pekee chema ambacho mtu anaweza kupata kwa kumtazama aliyemzidi: vidole kuwasha, mpaka uende ukajaribu. Ukikosa hicho, unabaki na wivu. Kwa Taratibu hakuwahi kuwashwa na chochote. Mshono wake ulinyooka, naam, lakini hata reli imenyooka, na nani amewahi kusimama akaishangilia?

Kazi kubwa iliingia Jumatano, imefungwa kwenye shuka jeupe.

Aliyeibeba alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, mkunga anayestaafu. Watoto aliowapokea mikononi mwake walikuwa wameshazaa wengine, ambao pia aliwapokea. Hospitali ingemuaga Jumamosi ya wiki inayofuata, ukumbini, mbele ya watu mia tatu. Angeitwa jina, angepanda jukwaani kwa ngazi za mbele akiwa amewapa watu mgongo. Alilifungua shuka. Ndani yake mlikuwa na mahameli ya bluu ya usiku, mita nne, nzito na laini, ambayo ukiipitishia mkono huku inang'aa na ukiupitisha kule inazama gizani. Alisema ameihifadhi miaka kumi na mmoja akitafuta fundi wa kumwamini, na duka alikoinunua limeshakuwa duka la simu. Kwa hiyo ikiharibika, imeharibika. Alitaka koti refu.

Kisha akavua mtandio, na kila mtu akaona kwa nini alitafuta fundi miaka kumi na mmoja. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda tangu utotoni. Bega la kulia lilishuka vidole vitatu chini ya lile la kushoto, na nyonga ya kulia ikapanda kama inataka kulifariji.

Benchi lilikuwa limejaa. Walikuwa tisa, pamoja na wifi yake huyo mkunga, aliyekuja kumsindikiza na ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Mpime vizuri, fundi," wifi alisema, akiligeukia benchi zima kama mtangazaji. "Usije ukadhani futi yako imeharibika. Ni mwenyewe ndivyo alivyopangwa."

Watu wawili watatu wakacheka, kicheko kile cha kutotaka kuonekana umekataa kucheka. Mkunga naye akatabasamu, kwa ustadi wa mtu aliyefanya mazoezi ya tabasamu hilo maisha yake yote.

Taratibu alishika futi, Umeme akashika kitabu. Kifua kikatajwa, kikajibiwa. Kiuno kikatajwa, kikajibiwa. Urefu wa mkono, sawa. Ikafika zamu ya mgongo. Taratibu akaweka ncha ya futi juu ya bega la kulia, akaishusha mpaka kiunoni, akanyamaza. Pale alipokaa, Umeme aliona kilichotokea kwenye uso wa mkunga. Tabasamu lilibaki, lakini macho yalifumbwa, na mikono ikakamata mkoba kama mtu anayesubiri sindano.

"Kumi na saba," Taratibu akataja.

"Kumi na saba," Umeme akajibu.

Futi ikahamia bega la kushoto, ikashuka, ikasimama.

"Kumi na saba."

Kalamu ya Umeme ikasita. Jicho lake lilizoea futi kuliko lilivyozoea saa, na lilikuwa limeona: kulia futi ilisimama kwenye kumi na sita, kushoto ilipita kumi na saba na nusu. Hakuna upande uliokuwa kumi na saba. Lakini Taratibu alikuwa anamtazama, anasubiri jibu, na sheria inasema ujibu ulichosikia. "Kumi na saba," alisema, akaandika. Nyonga nazo zikatajwa sawasawa, hii na hii.

Mkunga alifumbua macho. Wifi alikuwa amenyoosha shingo tayari kwa jambo la kusema, akakosa, akarudi kupekua mkoba wake. Taratibu akamwambia mama yamekwisha, akakunja futi, akaingia nyuma ya pazia la vyumba vya kujaribia. Umeme alidhani amekwenda kunywa maji. Yeye alibaki na kitabu mapajani, na moyo wake, tuseme ukweli, ulikuwa unacheza. Huyu mtu amechanganyikiwa, aliwaza. Ameona mgongo mgumu, akaogopa, akataja namba ya kubahatisha. Tena kwenye kazi yenyewe hii.

Saa tisa alasiri benchi lilipokuwa tupu na Taratibu ameshuka kununua vifungo, alimfuata Shangazi dirishani na kitabu wazi. Hakutia chumvi wala hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba namba za mgongo si za kweli, kwamba Taratibu amekosea, na kwamba ni bora mteja apigiwe simu arudi Ijumaa saa nne apimwe upya. Shangazi alitazama ile kumi na saba na ile kumi na saba nyingine, zimekaa jirani kama mapacha wa uongo. Alikuwa amemwona yule mama kwa macho yake, hakuhitaji kuelezwa. Alinyanyua mahameli kutoka rafu ya Taratibu, akaihamishia rafu ya Umeme.

Umeme alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alipika, akacheka na watoto, akamsema mama mkwe wake kwa kuunguza maharage, kama alivyomsema kila yalipoungua. Lakini mwasho wa vidole haukuja. Aliona ajabu, maana sasa yeye ndiye angekatia kwenye meza kubwa.

Alhamisi alifika wa kwanza, akatandaza mahameli juu ya meza, akatoa simu na kadi yenye namba ya mkunga. Alikuwa amebonyeza namba nne za mwanzo Taratibu alipoingia. Taratibu akaiona mahameli ilipo. Akaona kitabu, akaona simu. Mtu yeyote angeelewa, na yeye alielewa; uso wake ulilegea kidogo, kama begi lililotolewa kitu kizito ndani. Alitundika koti lake msumarini, akaja mpaka ukingoni mwa meza.

"Usimwite, mdogo wangu," alisema. "Vipimo ninavyo."

Akaingiza vidole mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, kila mmoja una mafundo matatu. Akazilaza juu ya mahameli taratibu, kama kawaida yake.

"Mweusi kulia, mweupe kushoto. Fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu nyonga. Nilizifunga nyuma ya pazia kabla namba hazijanitoka kichwani. Kitabu usikifuate. Kitabu kinadanganya."

Umeme akamtazama. Akamuuliza, kwa ukali ambao hakuukusudia, kwa nini basi alitaja alichotaja.

Taratibu alifikiri, na kwa mara ya kwanza Umeme hakuchoka kumsubiri.

"Pale kwenye benchi walikuwa watu tisa," alisema. "Na yule wifi. Namba ikishatajwa, mtu anaondoka nayo. Huwezi kumfuata nyumbani kwake ukamwambia nirudishie."

Ndiyo yote. Akageuka, akaenda kwenye cherehani yake, akaanza kutafuta bobini ya uzi. Hakumuuliza nani alimsema kwa Shangazi. Hakusema kwamba zile nyuzi angeweza kumpelekea Shangazi mwenyewe, kazi ikarudi rafuni mwake na mkasi ukaja upande wake. Hakuonekana hata kuwaza hivyo. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye bobini.

Umeme alisimama pale na nyuzi mbili mbele yake. Alisubiri mwasho, maana alijua ameona kitu kikubwa, na mwili wake ulijua namna moja tu ya kupokea vitu vikubwa. Haukuja. Vidole vilikuwa kimya. Badala yake kitu cha moto, cha taratibu, kilifunguka katikati ya kifua. Macho yakamlowa, naye hakuwa na huzuni. Na ajabu kuliko yote, hakutaka kumzidi Taratibu. Kwa Shangazi alitaka kukata kama Shangazi, na siku moja kumshinda. Kwa huyu hakutaka kushinda kitu. Alitaka tu kuwa mtu ambaye mkunga angeweza kufumba macho mbele yake. Alimkumbuka mama mkwe wake akisugua sufuria iliyoungua, mgongo umeinama, na akaona haya mpaka masikioni.

Akaizima simu. Akachukua nyuzi, akamfuata Shangazi dirishani, ambako alikuwa anakunywa chai yake ya kwanza.

"Shangazi, jana nilikuambia Taratibu kakosea."

"Uliniambia."

"Hakukosea. Alidanganya."

Shangazi akashusha kikombe. "Na hizo ndizo habari njema?"

Umeme akamweleza yote: benchi, wifi, macho yaliyofumbwa, pazia, mafundo. Alipofika mwisho akaongeza lile ambalo lilikuwa rahisi sana kuliacha, kwamba yeye aliiona futi ilikosimama tangu dakika ileile, akajibu, akaandika, na alipokuja na kitabu hakuwa amekuja kwa ajili ya koti la mtu. Shangazi alizivuta zile nyuzi kati ya vidole vya mkono wake uliovimba, akazilinganisha, mweusi na mweupe.

"Ulitaka aje saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne."

"Saa nne benchi linajaa."

"Ndiyo, Shangazi."

Umeme alitarajia kufokewa, na angeshukuru kufokewa. Shangazi alimrudishia nyuzi.

"Nenda kakate," alisema. "Yule mama ana siku tisa."

Mahameli ina tabia zake. Manyoya yake yanalala upande mmoja, na vipande vyote lazima vikatwe vikielekea huko, la sivyo kimoja kitang'aa na jirani yake atafifia. Tena koti la kawaida fundi hukunja kitambaa mara mbili akakata pande zote kwa mpigo mmoja. Hili halikuwezekana, kwa sababu hakuna upande uliofanana na mwenzake. Umeme alikata karatasi kwa kufuata nyuzi, kipande kimoja kimoja. Bega la kulia akalipandisha kidogo mahali pa kuweka pedi, pindo akalishusha kule nyonga ilikopanda, mshono wa katikati ya mgongo akauhamisha nusu inchi ili jicho la mtazamaji liteleze bila kukwama. Ulipofika mzingo wa mkono, mwasho ulirudi wenyewe, mzuri na wa zamani, na mkasi wa Shangazi ukaenda mkononi mwake kama unakumbuka njia. Shangazi aliyekuwa dirishani akaacha kutafuna.

Na hapohapo, kichwa kikiwa kimepanda juu, akafanya kosa ambalo kila fundi duniani amelifanya na kila fundi duniani huapa hajalifanya. Kifua cha kulia, yaani kipande cha mbele cha koti, alikuwa ameshakikata. Akalaza karatasi ya kifua cha kushoto vilevile ilivyokuwa, bila kuigeuza, akainua mkasi. Angepata vifua viwili vya kulia, na mahameli ya ziada haikuwepo.

Kwenye cherehani ya pembeni, Taratibu akakohoa.

Umeme akatazama karatasi. Jasho likamtoka kwapani. Akaigeuza pole pole, akaipiga pini pembezoni. Taratibu hakuinua uso kwenye kazi yake. Pengine kweli alikuwa na kohozi. Hiki sasa kilikuwa kitu cha tatu, na Umeme, aliyekuwa anajifunza kuvitofautisha kama mtu anayejifunza viungo vya chakula kwa kunusa, alikijua mara moja. Hakikuwa cha vidole, wala hakikuwa ule moto wa kifuani uliomfanya awakumbuke watu wote aliowahi kuwatendea ovyo. Hiki kilimwelekea mtu mmoja tu, aliyekaa hatua sita kutoka pale. Mchana alimpelekea chai yenye sukari vijiko vitatu, kama alivyopenda, akaiweka karibu na cherehani.

"Kikohozi hicho ukitibu," alimwambia.

"Kinakuja na kuondoka," Taratibu akajibu. Umeme akarudi mezani, akakaa, na baada ya kama dakika nzima akamsikia Taratibu akiucheka mzaha wake.

Jioni hiyo maharage yaliungua tena. Umeme alichukua sufuria mikononi mwa mama mkwe wake, akamwambia aketi, akaisugua mwenyewe. Mama mkwe alimtazama kwa mashaka makubwa, akamwuliza mwanawe kando kama mkewe anaumwa.

Mkunga alikuja kujaribu koti Jumatano iliyofuata, na wifi yake nyuma. Benchi lilikuwa na watu saba. Alivaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya kioo kikubwa. Umeme alimwona kwanza akijitazama usoni, kama watu waliozoea kutojitazama kwingine. Kisha macho yakashuka. Mabega yalikuwa sawa. Akageuka upande, akageuka nyuma, na Shangazi akamshikia kioo kidogo aone mgongo. Mahameli ilishuka kutoka shingoni mpaka chini kama maji yasiyokutana na jiwe.

Wifi alifungua mdomo, akaufunga. Alipoufungua tena alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo, kwamba wifi yake amependeza.

Mkunga aliomba amwone fundi aliyempima. Taratibu akasogea, mikono yake mikubwa haijui pa kukaa.

"Namba ulizozitaja siku ile," mkunga alimwambia polepole, kwa karibu, kiasi kwamba ni Umeme tu aliyepiga magoti akikagua pindo ndiye aliyesikia, "hazikuwa zangu. Najua zangu."

"Zilikuwa za benchi, mama," Taratibu akasema. "Zako ziko kwenye koti."

Yule mama, aliyewashika mikono wanawake wengi katika saa zao ngumu, akamshika mkono. Ule moto ukafunguka tena kifuani mwa Umeme, pale pale chini, na pini mdomoni.

Mwisho wa mwezi Shangazi aliwaita mbele ya meza. Alisema ukweli kama anavyoutaja siku zote, kwa sauti ya kutosha. Mkono wa Umeme ni bora kuliko wa Taratibu. Lile koti ni yeye aliyelikata, na mzingo ule wa mkono yeye Shangazi asingeufikia leo. Taratibu akaitikia kwa kichwa, maana hata yeye alijua. Lakini anayeshika mkasi, Shangazi akaendelea, ndiye anayeamua nani apigiwe simu arudi saa nne. Kwa hiyo mkasi ataushika Taratibu. Umeme atakatia meza ileile kwa zamu zake, na zaidi ya hapo wasubiri, muda upo.

Iliuma. Tusidanganyane hapa, iliuma kama sindano iliyovunjikia kidoleni, na Umeme alitazama dirishani mpaka macho yakakauka. Alitafuta wivu, akaukuta, mdogo, umekaa mahali pake. Kando yake palikuwa na kile kingine, nacho hakikuwa kimesogea.

Taratibu aliuinua mkasi, akaupima uzito kiganjani. "Basi wateja wajiandae kuzeeka," alisema, na safari hii mzaha ulifika kwa wakati, wakacheka wote watatu.

Mteja wa kwanza wa siku ile alikuwa msichana mnene, karani wa ofisi fulani, aliyetaka gauni la kazini. Aliliona benchi limejaa, akaanza kuvuta tumbo ndani tangu mlangoni. Umeme akachukua futi. Taratibu akafungua kitabu, akakaa mbali kidogo, mahali pa kawaida pa mwenye kitabu, akasubiri.

Umeme akazungusha futi kiunoni mwa msichana, akaisoma. Akaona macho yakifumbwa. Akafungua mdomo, na miaka tisa ya kutangaza ikaja yenyewe mpaka kwenye ulimi. Akaufunga. Akashikilia futi kwa kidole gumba palepale iliposimama, akamwashiria Taratibu asogee na kiti chake, akainama, akamwambia sikioni. Taratibu akajibu sikioni mwake. Kisha akaandika.

Karakana ilikuwa kimya namna ambayo haikuwahi kuwa. Watu wa benchi wakatazamana. Pale dirishani Shangazi akageuza kichwa.

"Mbona sisikii namba?" akauliza.

"Anayeandika amesikia, Shangazi," Umeme akajibu bila kuinuka.

Shangazi akawatazama wale wawili, na msichana aliyeshikilia pumzi katikati yao. Akatazama chai yake. Kisha akamgeukia bwana aliyekaa mwisho wa benchi, akaanza kumuuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji.